Mgongo Wangu Waliukata Vipande Vinne

Wewe unayenisikiliza, hebu niambie: umewahi kuulizwa na mtu mzima, mwenye akili zake, amekaa mezani na miwani yake, kwamba mgongo wako umeharibika robo, au nusu, au robo tatu? Kama mkate? Mimi nimeulizwa. Nikacheka. Na kile kicheko, ndugu yangu, kilinitesa karibu mwaka mzima.

Mimi naitwa Mama Furaha. Furaha ndiye binti yangu wa kwanza, anakaa Vårby gård, hapa Stockholm, na mume wake na mtoto wao Tumaini, msichana wa miaka kumi na sita, keshanipita urefu. Mimi nakaa Akalla, kule treni ya bluu inakoishia. Kwetu ni Uvira, lakini nilikaa miaka mingi kambini Tanzania kabla ya kuletwa huku, ndiyo maana Kiswahili changu kimechanganyika kama sahani ya harusini. Shule niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo usitegemee nikutajie mishipa na mifupa kwa majina ya waganga wa hospitali. Nitakuambia nilivyosubiri, nilivyoumia na walivyonipima, maana nawajua wenzangu huku, wanabeba wazee wa watu kila siku, migongo imekwisha, na wao wataitwa vilevile wakalishwe kwenye kile kiti.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, upande wa Sundbyberg. Kazi niliipenda, nisikudanganye. Wazee wale walinipenda kwa sababu naongea sana, na watoto wao hawaji kuwaona. Nawapigia stori za nyumbani kwa Kisweden changu kibovu, wanacheka mpaka meno yanatoka, na kuyatoa kwenyewe ni rahisi, ni ya bandia. Kulikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini na mbili. Nilimwita Mama Mkwe, kwa sababu alinikosoa kila kitu: kahawa imepoa, shuka limekunjamana, umechelewa. Tulipendana sana.

Siku ile ilikuwa Januari, theluji mpaka magotini. Mwenzangu wa zamu alipiga simu anaumwa. Mashine ya kunyanyulia wagonjwa iko ghorofa ya pili, haina chaji. Niko peke yangu. Mama Mkwe anataka choo, na mtu wa miaka tisini na mbili huwezi kumwambia subiri tuchaji mashine. Namwinua kitandani, ameshika shingo yangu, mara mguu wake unateleza. Anaanguka.

Nikamdaka.

Sasa, kuna sheria pale kazini: mzee akianguka usimdake, mwachie ateremke taratibu mpaka chini, wewe ulinde mwili wako. Walitufundisha, na karatasi niliweka sahihi. Lakini niambie wewe, mama mzima, kichwa chote mvi, anaanguka mikononi mwako anakuita kwa jina, utamwachia? Mikono yangu haikuisoma ile karatasi. Nikamdaka, nikamgeuza, nikamkalisha kitandani, hata nywele hazikumvurugika. Akaniambia, "Mikono yako ya baridi." Na mimi huku chini, juu ya kiuno, nikasikia kitu kinachanika, kama vile mwenye duka anavyochana kitambaa. Nikakaa palepale kando yake. Hakuna aliyeweza kuinuka kati yetu. Tukakaa tumeshikana mikono kama maharusi mpaka watu wa zamu nyingine wakaja.

Baadaye kwenye ripoti ya kazini wakaandika: mfanyakazi hakufuata utaratibu. Hawakuandika kwamba mashine haikuwa na chaji. Hawakuandika kwamba nilikuwa peke yangu. Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza. Ziko nyingine, ngoja.

Baridi ile niliimaliza sakafuni. Kitanda kilikuwa laini mno, kochi likanishinda, nikatandika blanketi chini nikalala hapo natazama dari. Mwili ukawa si wangu. Upande mmoja ukavutika ukawa mfupi, nikawa natembea kama kaa. Kupiga chafya niliogopa kama kifo. Dawa zikanifunga tumbo siku tano, sita. Uso ukavimba, kiuno kikanenepa kwa kulala, nguo zangu zikanikataa. Na soksi! Hujui soksi ni mlima mpaka mgongo ukuharibikie. Furaha akawa anakuja kila asubuhi kutoka Vårby gård, anapanda treni nyekundu, anabadilisha, anapanda ya bluu, anavuka mji mzima kuja kumvalisha mama yake soksi na kumwosha, halafu ndiyo aende kazini.

Muganga wa hospitali akapiga picha. Akaniita, akaniambia kwa furaha, "Picha yako ni nzuri."

"Nzuri kwa nani?" nikamuuliza.

"Hakuna mfupa uliovunjika. Misuli imevutika. Inachukua muda."

Muda! Kama vile nilikuwa nimeuweka kabatini nauchungulia tu.

Theluji ilipoanza kuyeyuka nikaanzishiwa mazoezi, mara mbili kwa wiki. Chumba cha kusubiri cha pale nakijua kuliko sebule yangu. Viti kumi na viwili, ua moja la plastiki, sanduku la michezo ya watoto ambalo sijaona mtoto akilifungua, na ukutani picha ya bahari isiyo na mtu hata mmoja. Unachukua namba, unakaa, unanyamaza. Na huku watu wakisubiri wanaacha kiti kimoja katikati, utadhani mgongo unaambukiza. Mimi siku ya kwanza nilienda moja kwa moja kwenye kiti chenye mikono ya kujishikilia. Kando yake alikuwa amekaa mzee mrefu, mkavu, wima kama mti wa bendera. Nikamsalimia. Akashtuka.

"Tunafahamiana?" akaniuliza.

"Bado," nikamwambia. "Lakini tuna dakika ishirini."

Ndivyo nilivyompata Lennart. Zamani alikuwa askari, akapelekwa nchi za watu na kikosi cha kulinda amani. Huko aliruka kutoka kwenye lori na mzigo mgongoni, akatua vibaya. Hakupigwa risasi, hakukanyaga bomu.

"Hiyo ndiyo aibu yangu," akasema. "Wenzangu wakiulizwa wameumia vipi, wana hadithi. Mimi nina lori."

Nikacheka mpaka mgongo ukanikaripia, nikashika kiuno. Naye akacheka, akashika chake. Wengine wakatutazama kana kwamba tumevunja dirisha.

Yeye ndiye aliyenieleza jinsi migongo inavyopimwa, polepole, kwa Kisweden cha kunihurumia. Askari akiumia kazini anapewa kiwango, asilimia fulani. Mkono ukikatika una namba yake, jicho lina namba yake, zote zimo kitabuni. Lakini mgongo uliovutika hauna cha kuonyesha. Kidonda hakuna, mfupa uko mzima kwenye picha. Kwa hiyo wanakuinamisha. Mtu anasimama na kipimo: inama mbele, nenda nyuma, geuka kushoto, geuka kulia. Pale unapofikia ndipo wanapoandika. Ukifika mbali, kiwango kinakuwa kidogo. Halafu wanakuuliza: hukuwahi kuumwa mgongo kabla ya jeshi? Si uzee huu? Wakipata pa kupunguza, wanapunguza.

"Na wewe uliinama mpaka wapi?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Mpaka chini. Niligusa vidole vya miguu."

"Kwa nini, mwanaume wewe?"

"Aliyenipima alikuwa na cheo kikubwa. Askari akiambiwa inama, anainama. Baada ya hapo nililala siku nne siwezi kugeuka. Lakini siku nne zile hakuna aliyeziandika."

Nikampa pole. Moyoni nikasema, huyu mzee mjinga kweli. Subiri uone mjinga alikuwa nani.

Kiangazi kikaja, wakanichoma sindano ya mgongo. Ya kwanza ikanipa wiki mbili za raha, nikatembea mpaka dukani na kurudi, nikamwimbia Mungu njiani. Ya pili haikunipa kitu. Lakini hata katika mateso kuna watu. Kulikuwa na dereva mmoja wa basi, kijana wa Kisomali, kila akiniona kituoni anashusha basi lile linainama upande wangu lenyewe, na hasogei mpaka nimekaa. Abiria wakinuna anawatazama kwenye kioo, basi wananyamaza. Sikuwahi kujua jina lake. Namwombea mpaka leo.

Majani yalipoanza kuanguka nikaletewa barua ya kuitwa. Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penyewe. Kuna ofisi inayoamua umebakiwa na nguvu kiasi gani za kufanya kazi. Sisi tusio askari hawatupimi kwa asilimia ndogondogo, wanatukata vipande vinne: umeshindwa robo, nusu, robo tatu, au kabisa kabisa. Wakiona hujafika hata robo, unahesabiwa mzima, na kazini wanaweza kukuita urudi siku nzima. Kurudi siku nzima kwangu kulikuwa na maana moja tu: kunyanyua tena wazee, asubuhi mpaka jioni. Na muganga alishanieleza kwamba ule mgongo ukichanika mara ya pili, huenda nisisimame tena. Ndicho nilichokuwa nakwenda kukipigania. Nilikijua. Na bado tazama nilichofanya.

Niliamka mapema. Nikapiga pasi kitenge changu cha Pasaka. Nikafunga kilemba, nikavaa hereni. Furaha akanivalisha viatu vizuri, akanifunga kamba. Nikameza vidonge viwili vya maumivu kwa mpigo, nisije nikaguna mbele za watu. Maana sisi, mtu akikuita ofisini, huendi umekunjamana kama godoro la zamani. Unakwenda na heshima zako.

Yule mama wa ofisi alikuwa mtu mpole, simsemi vibaya. Akanikaribisha, mkalimani yuko kwenye simu. Akaniuliza, "Hali yako leo?"

"Nzuri sana, tunamshukuru Mungu. Na wewe? Watoto wazima?"

Akaandika.

"Unapika mwenyewe?"

"Mimi? Napika! Siku moja nitakupikia sombe ya majani ya muhogo, utalamba vidole." Sikumwambia kwamba sufuria anaipandisha Furaha jikoni na anaishusha Furaha, mimi nakoroga tu nimeegemea ukuta.

Akaandika.

"Unapata wageni?"

"Nyumba yangu haikauki watu."

Akaandika. Halafu kalamu yake ikaanguka, ikaviringika mpaka karibu na mguu wangu. Naapa sikufikiri. Nikainama, nikaiokota, nikampa kwa mikono miwili. Macho yakaona giza, jasho likanitoka mgongoni kama maji ya bomba, na mimi natabasamu. Alipofika kwenye robo na nusu, ndiyo nikacheka, nikamwambia, "Mama, kwani mimi mkate?" Naye akacheka. Nikatoka pale najisifu: leo nimeongea vizuri. Nililala sakafuni siku sita.

Barua ya jibu ikaja Desemba. Tumaini akanisomea, anatafsiri, Furaha amesimama mlangoni na koti lake.

"'Amekuja peke yake, amevaa nadhifu,'" Tumaini akasoma. "'Ni mchangamfu. Anasema hali yake ni nzuri sana. Anapika na anapokea wageni. Wakati wa mazungumzo aliokota kalamu sakafuni bila kuombwa.'" Akaishusha barua. "Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "uliokota kalamu?"

"Ilianguka."

"Si ilikuwa ya kwake?"

"Sasa ningeiacha pale chini, na mtu ananitazama?"

Mwisho wa barua walisema sijafika hata robo. Eti ninaweza kufanya kazi ya kawaida siku nzima, mradi isiwe ya kunyanyua, wala kuinama, wala kusimama muda mrefu, wala kukaa muda mrefu. Nikamwambia Tumaini arudie. Akarudia. Sasa nakuuliza, kazi hiyo ni ipi? Iko mtaa gani? Mlango wake una rangi gani nikaugonge kesho? Si kusimama, si kukaa, si kuinama: hiyo ni kazi ya picha ukutani! Na baada ya wiki mbili, kazini wakapiga simu kwamba kwa kuwa nimeonekana mzima, wataniweka kwenye zamu za Februari. Zamu zilezile.

Furaha hakucheka hata kidogo. "Mama, mimi nimeitwa na bosi wangu mara mbili kwa kuchelewa. Nachelewa kwa sababu nakuvalisha wewe soksi. Na wewe unaenda kwa watu wa ofisi unawaambia nzuri sana?"

"Nilisalimia tu. Ulitaka nianze kulia mlangoni kama mtoto?"

"Nilitaka useme kweli!"

"Kusema nini? Kwamba binti yangu ananiosha? Nimwambie mtu ambaye hata jina la ukoo wangu hajui?"

"Basi mpigie huyohuyo, aje kesho akuvalishe yeye!" Akatoka. Mlango ukapiga mpaka vikombe vikalia.

Na mimi kichwa ngumu. Siku tatu sikumpigia. Siku tatu, Desemba ya Stockholm, nilivaa viatu vya mpira bila soksi, miguu ikawa ya samawati. Siku ya nne akaja, akapiga magoti, akaanza kunisugua vidole kwa mikono yake. Machozi yakamdondokea kwenye mguu wangu. Nikajifanya sijayaona. Tuliumwa sote, lakini hakuna ofisi inayompima binti wa mgonjwa.

Kwenye mazoezi nikampa Lennart ile barua. Akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Na wewe umegusa vidole vya miguu," akasema.

Nikaipokea ile barua, nikaitia mfukoni.

"Sikiliza," akaniambia. "Wale ukiwaambia nzuri, wanaandika nzuri. Hawajui kwamba kwenu hiyo ni salamu. Mimi nilijibu kama askari, wewe umejibu kama mwenye nyumba aliyepata mgeni. Pinga. Muda upo. Na safari hii wape siku yako mbaya kuliko zote, si ile uliyovaa hereni."

Basi nikapinga. Wewe mwenzangu, hapa tega sikio, hiki ndicho kitakachokusaidia. Mimi kuandika nabahatisha, lakini mstari naweza. Nikachukua kalenda ya kanisa. Siku niliyoweza kuinuka mwenyewe, mstari mmoja. Siku iliyonishinda soksi, miwili. Siku iliyonishinda choo bila mtu, mitatu. Kila siku, bila kuruka. Nikaenda kwa muganga, nikamwambia aache habari za picha nzuri, aandike nisiyoweza: dakika ngapi nasimama, dakika ngapi nakaa, na nikijilazimisha leo, kesho ninakuwaje. Na nikamwendea yule mwenzangu wa zamu iliyofuata, aliyenikuta na Mama Mkwe. Akaandika kwamba mashine haikuwa na chaji, na akaweka jina lake. Aliogopa kufukuzwa kazi, maana na yeye ana watoto, lakini aliandika. Zile zamu za Februari muganga akazizuia kwa karatasi yake, akisema nisubiri jibu.

Wakaniita tena majani yalipochipua. Furaha hakuweza kuomba ruhusa nyingine kazini, akanipa Tumaini. Asubuhi nikataka kitenge cha Pasaka. Tumaini akasimama mbele ya kabati amekunja mikono.

"Hapana, Koko. Utavaa unavyovaa siku zote."

"Niende na gauni la kulalia?"

Tukashindana mpaka tukakaribia kuchelewa. Mwisho nikavaa kitenge cha nyumbani na vile viatu vya mpira. Vidonge sikumeza. Njiani niliona kila mtu kwenye treni anatazama miguu yangu.

Safari hii alikuwa mwanaume, kijana. Na mkalimani kwenye simu sauti ya kijana pia, Kiswahili cha pwani, kizuri, cha mtu aliyelelewa.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu."

Yule wa ofisi akauliza, "Hali yako leo?"

Ulimi wangu ulishainuka. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Tumaini akanitazama. Nikalimeza, na nakuambia kulimeza kuliniuma kuliko sindano.

"Mbaya," nikasema.

Mkalimani akauliza, "Samahani, mama, umesema mbaya?"

"Nimesema mbaya. Tafsiri."

Akatafsiri. Yule kijana akaniuliza siku mbaya inakuwaje. Nikaishika kalenda yangu mapajani. Nikamwambia yule wa kwenye simu, "Mwanangu, una mama?"

"Ninaye."

"Basi haya nitakayosema, jifanye hukuyasikia wewe."

"Mama, leo mimi sina masikio, nina mdomo tu. Sema."

Nikasema. Nilisema kwamba kuna siku nafika chooni kwa magoti na mikono. Kwamba kuna siku sifiki. Kwamba binti yangu niliyemzaa ananiosha kama nilivyomwosha yeye, na ananigeuzia uso ili nisione anavyonihurumia. Kwamba kanisani nakaa nyuma, si kwa unyenyekevu, ila nikisimama wasinione nashika benchi. Nilisema kile kicheko changu ni nguo ninayovaa, na chini yake pako hivi. Mkalimani alikuwa anatafsiri, sauti inapungua, inapungua, mpaka mahali fulani akaomba dakika moja.

Halafu wakaniinamisha. Nikafika magotini, nikasimama.

"Unaweza kuendelea?" akauliza.

"Naweza. Lakini nikiendelea, kesho utakuja wewe Akalla kuninyanyua."

Hakucheka. Aliandika kila neno. Nikamwonyesha mistari, akaihesabu, akapiga picha kurasa zote.

Nyumbani tulirudi kwa treni. Tumaini akaweka kofia ya koti kichwani, akageukia dirishani, na huko chini ya ardhi hakuna cha kutazama. Mabega yanatikisika.

"Sasa unalia nini?" nikamwambia. "Mgongo ni wangu."

Akaivuta kofia ikamfunika macho mpaka tumeshuka.

Jibu lilikuja mwanzo wa kiangazi. Nusu. Wamekubali nusu. Kubeba wazee ndiyo basi, kwa karatasi na muhuri. Siku hizi nafanya kazi nusu ya siku kulekule Sundbyberg, nakaa nao mezani, nawalisha, nawapigia stori, nikichoka nasimama, nikichoka kusimama nakaa. Mama Mkwe bado yupo, ananiambia stori zangu ni ndefu. Mgongo haujapona, lakini nimeusimamisha. Soksi navaa mwenyewe, kwa kijiti chenye ndoano alichonitengenezea Lennart. Na Lennart kiwango chake kimebaki kilekile kidogo. Alikubali mapema mno, anasema, akatia sahihi kama askari. Nalala nina shukrani kwa Mungu.

Lakini hasira yangu siiachi, na usiniambie niiache. Nusu ipi? Ya juu au ya chini? Na kwa nini mtu ahesabiwe mzima kwa sababu amefundishwa adabu? Kwa nini nipate haki yangu mpaka nimejivua nguo mbele ya vijana wawili na mjukuu wangu? Na wameandika wataniita tena baada ya miaka michache, waone kama bado naumwa, kama gari linavyopelekwa kukaguliwa. Wanaosema sisi hatupendi kazi, waje waone mikono iliyomdaka mzee wa watu. Wewe mwenzangu ukiitwa, usiende na hereni. Salamu zako waachie wa kanisani. Sema siku yako mbaya. Utaona aibu, na aibu itapita, mgongo haupiti.

Siku ile ya barua ya nusu, Tumaini alimaliza kusoma, akaikunja, akakaa nayo. Furaha alikuwa jikoni anashusha sufuria.

"Koko, mimi sikujua," akasema. "Kila nikija ulikuwa unacheka."

"Ningekuwa nalia, ungekuja?"

Akafikiri. Nilimpenda kwa kuwa alifikiri, hakukimbilia kunifurahisha. Chakula kikaletwa, sombe na samaki, nikampakulia sahani yake kama kawaida, inajaa. Akaisogeza mbele kidogo kwa vidole viwili, akanitazama machoni.

"Nitakuja kila Jumapili," akasema. "Nitakuuliza inauma wapi. Na sitakula hata tonge moja la chakula chako, Koko, mpaka uwe umeniambia ukweli."